Somo la reli ya Sakania: namna mstari mmoja unavyofungua mlango katika hifadhi ya data

Behewa la treni linalotoka Ndola, upande wa Zambia, linaweza kuingia Sakania na kuendelea mpaka Lubumbashi bila mtu kugusa mzigo wake. Reli ilifika Sakania mwaka wa 1909 ikitokea kusini, na mwaka wa 1910 ikafika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Tangu wakati huo inchi zimebadilisha majina, bendera na kampuni za reli. Kitu kimoja hakikubadilika: nafasi kati ya vyuma viwili vya reli ni milimita 1067 pande zote mbili za mpaka.

Mahali pengine mambo si hivyo. Huko Kidatu, inchini Tanzania, reli ya TAZARA yenye milimita 1067 inakutana na reli ya zamani ya Tanzania yenye milimita 1000. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini behewa haliwezi kupita. Mzigo unashushwa upande huu na kupakiwa tena upande ule.

Wanaoandika programu za ordinatere wanaijua shida hiyo. Lugha mbili za programu zinapokutana, vipimo vyake lazima vilingane kabisa. Vikilingana, data inapita kama treni ya Sakania. Visipolingana, hakuna kelele ya behewa kuanguka: namba zinaharibika kimyakimya. Na siku hizi namba hizo zinaweza kuwa hesabu ya wagonjwa wa zone ya afya ya Sakania yenyewe.

Karatasi ya kituo cha afya inaenda wapi

Kila mwezi vituo vya afya vya Kongo vinajaza ripoti ya SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya. Wanawake wangapi wamezaa, watoto wangapi wamechanjwa, wagonjwa wangapi wa malaria wametibiwa: yote yanaandikwa katika viboksi. Kiisha karatasi hizo zinapelekwa kwenye ofisi kuu ya zone ya afya, na hapo namba zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2. Kongo ina zone za afya 519. Haut-Katanga peke yake ina 27, na Sakania ni moja kati yake.

Mpakani, namba hizo zina uzito wa pekee. Mwezi wa Oktoba 2023 kipindupindu kililipuka Zambia, na katika miezi iliyofuata kiliua watu zaidi ya 700, wengi wao katika mji wa Lusaka. Haut-Katanga nayo ni kati ya majimbo ya Kongo ambamo ugonjwa huo unarudi mara kwa mara. Madereva wa malori, wauzaji wadogo na wasafiri wanavuka kila siku kupitia Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Namba iliyochelewa au iliyokosewa inaweza kuficha mwanzo wa ugonjwa.

DHIS2 inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, inchini Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990. Ni programu huria: kila mtu anaweza kuichukua bila kulipa, kusoma maandishi yake ya ndani na kuyabadilisha. Hata hivyo, DHIS2 haihifadhi namba hizo yenyewe. Inazikabidhi kwa programu nyingine, nayo huria, inayoitwa PostgreSQL. Hiyo ndiyo hifadhi ya data, depo ambamo mifuko yote inapangwa.

Depo inayokubali vyumba vipya

Kazi ya PostgreSQL ilianza mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya uongozi wa profesa Michael Stonebraker. Jina lake la leo lilikuja mwaka wa 1996. Tangu mwanzo ilijengwa kwa wazo moja: mtumiaji aweze kuongeza aina mpya za data na kazi mpya bila kubomoa nyumba nzima. Vipande hivyo vinavyoongezwa vinaitwa nyongeza.

Nyongeza inayojulikana zaidi ni PostGIS, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001 huko Canada. Inaifundisha PostgreSQL kuelewa ramani: kituo cha afya kiko wapi, mpaka wa zone unapita wapi, ni kilometa ngapi kutoka hapa mpaka kule. DHIS2 haikubali kufanya kazi kama PostGIS haijawekwa. Kwa hiyo mtu anapotazama ramani ya zone ya Sakania katika DHIS2, anatazama kazi ya nyongeza, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

PostgreSQL na PostGIS zimeandikwa kwa lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ina mbio na inampa mwandishi uhuru wote juu ya kumbukumbu ya mashini. Lakini uhuru huo hauna mlinzi. Nyongeza inafanya kazi ndani ya hifadhi ya data yenyewe, si pembeni yake. Ikigusa mahali pasipo pake katika kumbukumbu, kazi hiyo inaanguka, na PostgreSQL inalazimika kukata watumiaji wote na kuanza upya ili kulinda data. Kosa la mtu mmoja linasimamisha wote.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni watu wengi wameanza kuandika nyongeza kwa lugha ya Rust. Lugha hiyo ilikulia katika shirika la Mozilla, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka wa 2015. Rust inakagua namna kumbukumbu inavyotumiwa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Mwenye makosa anarudishwa mlangoni, si katikati ya safari.

Lakini PostgreSQL haisemi Rust. Ili lugha hizo mbili zisikilizane, Eric Ridge alianzisha kiunzi huria kilichoitwa kwanza pgx, kisha pgrx tangu mwaka wa 2023. Leo kiko chini ya shirika la PgCentral Foundation. Nyongeza kadhaa zinazotumiwa sana zimejengwa juu yake, kama vile pg_graphql na Timescale Toolkit.

Kichwa ni nini

Katika lugha ya C, programu kubwa haiwekwi yote katika faili moja. Kazi yenyewe inaandikwa katika faili moja, na maelezo yake mafupi yanawekwa katika faili nyingine inayoitwa kichwa, ambayo jina lake linaisha kwa herufi .h. Kichwa hakifanyi kazi. Kinatangaza tu: kuna fonksioni yenye jina hili, inapokea vitu hivi, inarudisha kitu hiki, kuna muundo wa data wenye sehemu hizi, kwa mpangilio huu, na kila sehemu ina ukubwa huu. Mtu aliyefanya kazi ya usafirishaji Kasumbalesa atakumbuka karatasi ya doane: haibebi mzigo, lakini bila yenyewe mzigo haupiti.

Mfano mmoja ni kichwa kinachoitwa utils/geo_decls.h. Humo PostgreSQL inaeleza nukta, mistari na miduara yake ya kawaida. Nukta imeelezwa kwa namba mbili, x na y, kila moja ikichukua baiti 8. Jumla ni baiti 16, wala zaidi wala pungufu.

Ili Rust itumie nukta hiyo, lazima mtu aandike upya maelezo hayo kwa Rust, kwa vipimo vilevile. Maelezo hayo yaliyohamishwa ndiyo yanaitwa viungo. Kuyaandika kwa mkono kunawezekana, lakini PostgreSQL ina mamia ya vichwa na maelfu ya fonksioni. Kwa hiyo pgrx inatumia programu inayoitwa bindgen: inasoma vichwa vya C kwa msaada wa programu ya clang, kisha inaandika viungo yenyewe.

Bindgen haisomi kila kitu. Inasoma vichwa vilivyotajwa katika orodha tu. Na hapo ndipo habari yenyewe inaanzia.

Barabara iko, mlango hauko

Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka yake na Kongo ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, kisa mzozo juu ya vinywaji vilivyokatazwa kuingia Kongo. Barabara ilikuwa palepale. Malori yalikuwa yamejaa. Madereva walikuwa kwenye usukani. Kilichokosekana ni mlango kufunguliwa.

Mwandishi wa nyongeza anaweza kujikuta hivyo. Tuseme mwanafunzi mmoja wa Lubumbashi anataka kujenga nyongeza inayotazama ripoti za kila juma na kutoa alama pale wagonjwa wa kuhara wanapoongezeka ghafla katika zone moja. Katika vitabu vya PostgreSQL anakuta fonksioni inayofaa kazi yake. Iko, imejaribiwa kwa miaka, hata sasa hivi iko ndani ya kumbukumbu ya mashini yake. Lakini anapoiita kwa jina katika Rust, anajibiwa kwamba jina hilo halijulikani. Sababu ni moja: kichwa kinachoitangaza hakimo katika orodha ya pgrx.

Si uzembe. Walioanzisha kiunzi hawakuweka vichwa vyote makusudi. Kila kichwa kinarefusha muda wa kujenga programu, na vingine vina majina yanayogongana. Waliweka vile ambavyo watu walivihitaji, na wanaongeza vingine kadiri watu wanavyoomba. Maana yake ni kwamba orodha hiyo inaonyesha mahitaji ya wale waliozungumza. Yule asiyezungumza hawezi kuonekana ndani yake.

Mwanafunzi huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandika kiungo chake mwenyewe pembeni, kwa mkono, ili kazi yake isonge. Ya pili ni kuongeza kichwa katika orodha ya wote na kupeleka pendekezo kwa watunzaji wa pgrx.

Mstari mmoja, hatua nyingi

Kwa macho, njia ya pili ni ndogo ajabu. Orodha ya vichwa ni faili ya kawaida, na kuongeza kichwa ni kuandika mstari mmoja unaotaja jina lake. Lakini mstari huo unadai uangalifu.

Hatua ya kwanza ni kujua fonksioni inayotafutwa inatangazwa katika kichwa gani. Hapo hakuna njia ya mkato: ni kusoma maandishi ya PostgreSQL yenyewe, ambayo yako wazi kwa kila mtu.

Hatua ya pili ni matoleo. PostgreSQL inatoa toleo kubwa jipya kila mwaka na kuhudumia kila moja kwa miaka 5. Kwa hiyo pgrx ina orodha moja kwa kila toleo: pg15.h, pg16.h, pg17.h na kadhalika. Kichwa kinaweza kuwa katika toleo moja na kukosekana katika lingine, au kubadilishwa jina. Mstari lazima uwekwe kila mahali unapofaa, la sivyo nyongeza itafanya kazi kwenye mashini ya mwandishi na kukataa kwenye mashini ya ofisi ya zone.

Hatua ya tatu ni kujenga upya na kutazama kilichotoka. Si kila kilicho katika kichwa kinavuka. Vifupisho vya C vinavyopokea vitu, na fonksioni ndogo zinazoandikwa ndani ya kichwa chenyewe, kwa kawaida bindgen haivihamishi, kwa kuwa havina anwani ya kuitwa katika programu iliyokwisha kujengwa. Kwa hivyo inabidi kuandika daraja dogo kwa C, au kuviandika upya kwa Rust kwa uangalifu.

Hatua ya nne ni kupima kwa matoleo yote. Hatua ya mwisho ni kueleza kwa maneno machache kwa nini mlango huo unahitajiwa, ili watunzaji waamue. Maelezo hayo yana uzito sawa na mstari wenyewe.

Milimita 67 katika kumbukumbu

Kwa nini basi mtu asiandike tu kiungo chake kwa mkono na kuendelea? Jibu liko katika vipimo vya reli.

Sakania iko karibu digrii 28 na nusu mashariki na karibu digrii 12 na robo tatu kusini. Tukiiweka katika nukta ya PostgreSQL, x inakaa katika baiti 8 za kwanza na y katika baiti 8 zinazofuata. Sasa tuseme aliyeandika kiungo kwa mkono alidhani kila namba inachukua baiti 4. Rust itachukua nusu ya kwanza ya x na kuiita x, kisha nusu ya pili ya x na kuiita y. Y ya kweli haitasomwa kamwe. Mashini haitalalamika, kwa sababu imeambiwa kwamba hivyo ndivyo vipimo. Kitakachotoka ni namba mbili zisizohusiana na Sakania wala mahali pengine popote.

Ramani ikikosewa hivyo, mtu anaweza kuligundua kosa kwa macho. Lakini muundo ukibeba hesabu za wagonjwa, kosa linaweza kutoa namba inayofanana na kweli. Hapo hakuna wa kushtuka. Na hata kiungo kilichoandikwa vizuri leo kinaweza kuharibika mwaka ujao, toleo jipya likiongeza sehemu moja katikati ya muundo na kusukuma zote zinazofuata. Bindgen inapima upya kila mara programu inapojengwa. Mkono wa mtu haupimi upya mpaka akumbuke.

Kuna hatari ya pili, nayo ni namna ya kutoka kosa linapotokea. PostgreSQL ikikuta kosa, inaruka mara moja kutoka pale ilipo mpaka mahali pa usalama, bila kupita hatua za katikati. Rust nayo inataka kurudi hatua kwa hatua, ikifunga kila mlango iliyoufungua. Kuruka juu ya hatua za Rust kunaacha mambo nusu. Kwa sababu hiyo pgrx inaweka mlinzi kwenye kila fonksioni inayovuka: kosa la PostgreSQL linakamatwa mpakani na kugeuzwa kuwa kosa ambalo Rust inalielewa. Fonksioni iliyoletwa kwa njia ya orodha ya wote inapata mlinzi huyo. Iliyoingizwa kwa njia ya pembeni, mara nyingi haina.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa si ruhusa ya kulala. Rust inazihesabu fonksioni zote za namna hiyo kuwa zisizo salama, na inamlazimisha mwandishi kutia alama kila anapoziita. Viungo vinahakikisha kwamba vipimo vinalingana. Havihakikishi kwamba mzigo wenyewe ni mzuri.

Nani anaweza kuandika mstari huo

Lubumbashi haikosi watu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina mizizi tangu mwaka wa 1955. Kuna pia ESIS Salama, shule kuu ya informatika ya mapadri Wasalesiano, shirika ambalo wakaaji wa Sakania wanalijua tangu zamani kwa kazi zake katika eneo lote linalofanya leo dayosisi ya Sakania-Kipushi.

Vizuizi viko, na si vya akili. Kujitayarisha kufanya kazi na pgrx kunadai kupakua maandishi ya matoleo kadhaa ya PostgreSQL na kujenga kila moja. Kwa mwanafunzi anayenunua forfait ya megabaiti, hayo ni makuta mengi. Kujenga kunaweza kuchukua muda mrefu kwenye mashini ndogo, na umeme ukikatika katikati, kazi inaanza tena. Kisha mazungumzo na watunzaji yanafanyika kwa Kiingereza, huku masomo ya Lubumbashi yanafundishwa kwa Kifaransa.

Lakini vizuizi hivyo vinapungua watu wakishirikiana. Mashini moja ya shule iliyokwisha kutayarishwa inaweza kutumiwa na darasa zima, na matoleo yaliyopakuliwa mara moja yanaweza kunakiliwa kwa kifunguo cha USB. Pendekezo la mstari mmoja halidai Kiingereza kirefu: jina la kichwa, matoleo yaliyopimwa, na sababu. Na kwa anayeanza, kazi hiyo ni shule kwa sababu inamlazimisha kusoma C, Rust na hifadhi ya data kwa pamoja.

Faida ya njia ya wote inaonekana baada ya muda. Aliyejiandikia kiungo pembeni atalazimika kukitengeneza tena kila toleo jipya linapotoka, peke yake, mpaka achoke. Mstari uliokubaliwa katika orodha unabaki. Mwaka unaofuata watunzaji wanaupima pamoja na mingine yote, na mtu wa Nairobi, Kampala au Oslo anaweza kuutumia bila kujua uliandikwa wapi.

Kongo inaweka hesabu za wagonjwa na watoto wake waliochanjwa ndani ya vyombo huria hivi tangu miaka kadhaa. Mpaka leo, kwa sehemu kubwa, imevitumia jinsi ilivyovikuta, pamoja na milango iliyofunguliwa kwa mahitaji ya wengine. Muuguzi wa Sakania anayejaza karatasi yake mwisho wa mwezi hahitaji kujua pgrx ni nini. Anachohitaji ni kwamba namba aliyoiandika ifike Lubumbashi na Kinshasa ikiwa ileile, kama vile mzigo wa shaba unavyofika Ndola bila kushushwa njiani.